SOMO LA MWEZI: UA LENYE MVI



Katika ofisi ya mtaa wetu imetundikwa kalenda ya zamani. Mwaka wake umekwisha kitambo, lakini hakuna mwenye moyo wa kuitupa, kwa sababu ya picha yake. Picha yaonyesha bonde la mawe chini ya theluji ya Kibo, na katika bonde hilo imesimama mimea ya ajabu, mirefu kuliko watu wawili waliobebana mabegani. Kila mmoja una shina nene lililovikwa majani makavu toka juu hata chini, kama mtu aliyejifunika blanketi, na juu kabisa kuna kichwa cha majani mabichi.

Jumapili moja baada ya ibada vijana wa kwaya walibishana mbele ya picha hiyo. Mmoja alisema ni migomba iliyopigwa na jua. Mwingine, ambaye babu yake alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Lindi, aliapa kwamba ni mkonge uliozeeka. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri cheti cha ubatizo cha mjukuu wake akawaambia, "Wajukuu zangu, nyote mwakosa. Hilo ni ua." Vijana wakacheka. Nami, nasema kweli, nikacheka pamoja nao. Kisha nikaenda kusoma, nikakuta kwamba bibi ndiye aliyesema sawa. Somo la mwezi huu ni deni langu kwake.

Mmea ule huitwa senesio. Wataalamu wa mimea huuita Dendrosenecio kilimanjari, na jina hilo lasema kweli, kwa maana aina hii haioti mahali pengine po pote duniani ila katika Mlima Kilimanjaro, kuanzia penye mita 3,000 hivi na kupanda hata kupita mita 4,000. Ni wa ukoo wa alizeti.

Hapa msomaji wa Masasi au Newala ataniuliza, alizeti na mti ule wapi na wapi? Hebu tuanze na vitu vya nyumbani. Ukipita katika shamba lililolala, ukifika nyumbani utakuta suruali au kanga yako imejaa vijiti vyeusi vyembamba vilivyong'ang'ania. Hicho ni kishona nguo. Ukoo wake ni huo huo. Mchunga, ile mboga chungu ambayo wazee huipenda na watoto huikimbia, ni wa ukoo huo. Saladi ya majani pia, na pareto ya wakulima wa Njombe inayoua wadudu. Hata ile dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati, sehemu yake moja ilipatikana kwanza katika mmea wa artemisia wa China, nao ni wa ukoo huu. Mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ukoo mzima una aina zaidi ya 23,000. Ni katika koo kubwa kupita zote za mimea itoayo maua.

Alama ya ukoo ni moja, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuiona. Chukua alizeti moja uikate katikati kwa kisu. Utaona kwamba kile tunachokiita ua si ua moja. Ni mkutano wa maua madogo mamia kwa mamia, yamesongamana katika sahani moja, na kila dogo la katikati lina chavua yake na mahali pa kufanyia mbegu yake. Yale majani ya njano ya pembeni nayo, kila moja ni ua lililonyoshwa upande mmoja ili kuwaita nyuki. Hivyo mtu anayempa mwenzake alizeti moja amempa maua elfu, asijue. Kishona nguo ni vivyo hivyo, ila ni kidogo mno hata hatukitazami. Senesio ya Kilimanjaro nayo hutoa mkungu wa maua wenye urefu upatao mita moja, na katika mkungu huo mna vichwa vingi vya njano, na katika kila kichwa mna maua madogo mengi. Bibi alisema ua. Angeweza kusema maua elfu nyingi katika mti mmoja asikosee.

Sasa tuone maisha yake, maana hapa ndipo penye mafundisho mengi.

Sisi wa uwanda wa Makonde twaijua baridi kidogo. Newala iko juu, mita mia saba na zaidi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtu hutafuta koti. Lakini fikiri hivi: kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Basi mahali senesio inaposimama pana baridi kupita Newala kwa nyuzi kama ishirini. Na jambo lililo gumu zaidi ni kwamba mchana jua la pale ni kali, hewa ni nyepesi, ngozi ya mtu huungua. Jua likizama tu, maji yaliyo juu ya udongo huganda. Kesho yake tena. Huko hakuna msimu wa baridi utakaopita ukasahauliwa. Baridi huja kila usiku wa mwaka.

Mti wa kawaida ungekufa. Senesio imepewa njia tatu za kujiokoa.

Ya kwanza ni kichwa chake cha majani. Jioni yale majani makubwa hujikunja kuelekea ndani, hata kichwa chote kikafanana na kabichi. Majani ya nje huweza kushikwa na baridi mpaka yakawa magumu, na asubuhi yakalegea tena bila madhara; lakini lile chipukizi changa la katikati, ambalo ndilo uhai wa mmea, hubaki salama ndani ya tabaka nyingi. Ndivyo mama anavyomweka mtoto katikati ya wakubwa kitandani usiku wa baridi.

Ya pili ni blanketi. Mimea mingi jani likifa huanguka. Senesio haliachi jani lake. Linakauka palepale, linainama chini, likagandamana na shina, na jani la mwaka huu likalala juu ya jani la miaka iliyopita, mpaka shina zima limevikwa. Wale vijana walidhani ni migomba iliyoungua. Kumbe yale makavu ndiyo yanayofanya kazi. Ndani ya blanketi hilo maji yaliyomo katika shina hayagandi.

Ya tatu ni maji. Jua linapochomoza huyapiga majani mara moja, nayo huanza kutoa mvuke na kutaka maji. Lakini udongo bado umeganda, mizizi haiwezi kuvuta kitu. Ni kama nyumba yenye mtungi mkavu asubuhi na kisima kimefungwa. Basi katikati ya shina la senesio mna moyo mpana, laini, uliojaa maji, na mmea hunywa humo mpaka udongo uyeyuke.

Nilipomsomea bibi sehemu hii aliniuliza jambo moja tu: "Nani anayelijaza?" Wazee wa uwanda wataelewa kwa nini aliuliza. Kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, wanawake wa Newala walishuka genge lile lenye Shimo la Mungu na kupanda tena wakiwa na ndoo kichwani, na aliyechelewa kutoka alikuta foleni chini. Bibi alikuwa miongoni mwao. Nikamjibu kwamba mizizi hulijaza mchana udongo ukiwa laini, ili moyo uwe na kitu asubuhi inayofuata. Akatikisa kichwa akasema, "Basi na yeye huamka mapema."

Mmea unaoishi hivyo hauwezi kuwa na haraka. Huinuka kwa sentimeta chache tu kwa mwaka. Hutoa maua baada ya miaka mingi, na ukiisha kutoa, ncha ile iliyochanua hufa, na chini yake huchipuka matawi mapya. Kwa hiyo ukiona senesio ina shina moja lisilo na tawi, ujue bado haijachanua hata mara moja, ingawa imekupita kimo. Ukiona imegawanyika, kisha kila tawi limegawanyika tena, imechanua mara mbili. Wataalamu waliohesabu migawanyiko hiyo na kupima ukuaji wa ndugu zake katika Mlima Kenya wamekadiria kwamba mimea mikubwa hupita miaka mia. Ile iliyo katika kalenda yetu, kwa kuihesabu matawi, huenda ilikuwa imesimama pale kabla bibi hajazaliwa.

Jina lake nalo lafaa. Senesio latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee. Walioita hivyo walitazama mbegu zake: kila moja ina kishungi cha nywele nyeupe, kama mvi, za kuichukua katika upepo. Mwaka 1978 mtaalamu wa Sweden, Bengt Nordenstam, aliitenga jamii hii ya milimani na senesio nyingine ndogo zilizoenea duniani, nayo ikaitwa Dendrosenecio, yaani senesio-mti. Mzee akabaki mzee, ila sasa ana nyumba yake.

Nywele hizo ndizo zinazoeleza jambo la kushangaza. Atokaye Newala kwenda Masasi, akisha kushuka uwanda, huiona milima ya mawe ya Masasi imesimama moja moja katika nchi tambarare kama visiwa baharini. Ndivyo ilivyo milima mirefu ya Afrika Mashariki kwa mmea usioweza kuishi penye joto. Kilimanjaro ni kisiwa. Meru ni kisiwa. Nchi ya joto iliyo katikati ni bahari, nayo haiogeleki. Hata hivyo ndugu za senesio wapo Meru, Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani, Elgon, Ruwenzori, Virunga, hata Kahuzi katika Kongo, na karibu kila mlima una aina yake. Wengine huhesabu aina 11 kwa jumla. Walifikaje? Mwaka 1995 wataalamu wawili, Eric Knox na Jeffrey Palmer, walilinganisha urithi ulio ndani ya chembe za majani ya mimea hiyo. Maoni yao yalikuwa kwamba mzazi wa kwanza alijistawisha Kilimanjaro kama miaka milioni moja iliyopita, akapeleka watoto Meru, na kutoka huko wakaenda kaskazini na magharibi, mlima hata mlima. Si kwa kutembea. Ni mbegu moja yenye mvi, upepo mmoja wenye nguvu, mara chache mno katika miaka elfu nyingi.

Tuseme kidogo habari za waliouleta mmea huu katika vitabu, kwa kuwa ndani yake mna watu wanaotuhusu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann wa Church Missionary Society aliandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro. Mabwana wa jiografia waliokaa Ulaya walimbishia. Mmoja wao, Cooley, alishikilia kwa miaka kwamba haiwezekani. Mwaka 1871 mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe karibu na Mombasa, Charles New, akapanda mpaka akaigusa theluji yenyewe. Katika kushuka alichuma mimea ya huko juu, akaikausha. Mimea hiyo ilipitia kwa Dk. John Kirk wa ubalozi wa Uingereza katika Unguja, naye akaipeleka Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza. Ilikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kufika kwa wataalamu kutoka sehemu zile za juu za Kilimanjaro.

Huyo Kirk si mgeni kwetu. Mwaka 1862 alipanda Mto Ruvuma kwa mashua pamoja na Dk. Livingstone, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea wa safari, na maji yale waliyoyapiga kasia ndiyo tunayoyaona kwa mbali tukisimama ukingoni mwa Newala. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1876, Askofu Steere akawaleta Masasi watu waliowekwa huru kutoka utumwani. Kwa hiyo ua la Kilimanjaro na kanisa la Masasi vina mtu mmoja waliyejuana naye, ingawa hakuna aliyewahi kuvikutanisha mpaka leo katika gazeti hili.

Charles New hakuishi kuona matunda. Alirudi Uchagga, akanyang'anywa mali zake, akafa mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Lakini ua moja dogo la ukoo huu huu lina jina lake mpaka sasa, Helichrysum newii. Ni katika yale maua makavu kama karatasi ambayo ukiyachuma hayanyauki. Nalo ni shujaa kupita senesio: limeonekana katika shimo la Kibo, zaidi ya mita 5,600, karibu na mahali panapotoka mvuke wa moto, ambapo hakuna mmea mwingine wa maua. Mlima wenyewe una mita 5,895. Mwaka 1884 alikuja Harry Johnston akakusanya senesio, na aina moja ikapewa jina lake. Wapagazi na viongozi waliowabebea mabwana hawa mizigo na kuwaonyesha njia, majani hayakupewa majina yao.

Sasa kuhusu hatari. Senesio haijatoweka, na anayepanda Kilimanjaro leo kwa njia ya Barranco ataiona mingi. Lakini kitu kinachoishi katika mlima mmoja tu hakina pa kukimbilia. Nchi ikizidi joto, mimea ya chini hupanda juu. Ile ya juu itapanda mpaka mlima utakapokwisha. Barafu ya Kibo yenyewe, tangu vipimo vya 1912 mpaka 2007, ilikuwa imepungua kwa asilimia 85. Hata hivyo wanaoufahamu mlima husema tusiangalie barafu peke yake, maana jambo la karibu zaidi ni moto. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu miaka ya 1970 moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu na kuacha vichaka, na msitu ule ndio unaokamata maji ya ukungu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto mwingine ulizuka, ukawaka siku nyingi. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji walipanda kuuzima kwa matawi. Taarifa za wakati ule zilisema ulianza kwa watu waliokuwa wakipasha chakula.

Majani makavu ni majani makavu, yawe Kibo, yawe Newala. Na hata moto usipoliua shina la senesio, huweza kuliacha uchi, na usiku baridi haingoji blanketi lishonwe upya.

Ndugu zangu, sitaki mdhani nanyosha kidole kwa watu wa kaskazini. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, wakati wa kiangazi, mimi na wenzangu watatu tulichoma kichaka ili kuwatoa panya. Kila mtu alifanya hivyo, na panya wa kuchoma wakati ule wa njaa alikuwa kitoweo cha heshima. Upepo ukageuka. Moto ukaingia katika shamba la mama mjane na kuunguza mikorosho yake, nasi tukakimbia. Mjomba wangu alipopata habari hakunipiga. Alinipeleka mpaka kwa yule mama, akaniambia nihesabu mashina kwa sauti. Yalikuwa kumi na manne. Kisha wakapatana kwamba mimi nitapanda mengine na kuyanywesha.

Mikorosho ile ilizaa katika mwaka wa nne. Nilikuwa nimekwisha kwenda shule ya mbali, na yule mama alikuwa amekwisha kufariki. Korosho za kwanza ziliokotwa na binti yake. Huo ni mkorosho, mti wa haraka, ambao mtu huupanda akitarajia kuula. Nimejaribu kufikiri mjomba angeniambia nini kama yale mashina kumi na manne yangekuwa ya mmea unaoinuka sentimeta chache kwa mwaka.

Wasomaji wengine watasema Kilimanjaro ni mbali, nauli ni kubwa. Ni kweli, mimi mwenyewe sijaupanda, na kwa magoti haya sitaupanda. Lakini mambo ya namna hii yako hata kwetu. Katika msitu wa Rondo, ambako ndugu zetu wengi walisomea upadre, yuko komba mdogo sana aliyepewa jina la Rondo, naye haonekani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Huko pia watu huwasha moto kiangazi.

Kwa mafundisho ya vijana wa mtaa wiki ijayo, kila mmoja alete ua moja la ukoo huu analoliona njiani, nami nitaleta wembe na kioo cha kukuzia ili tuhesabu maua yaliyo ndani ya ua. Alizeti wafaa, mchunga wafaa. Kishona nguo kilichokomaa kiachwe nje ya mlango, tafadhali. Mara ya mwisho tulitumia jioni nzima kuyabandua mavazi ya kwaya.